Chanjo ya HPV kwa mabinti: maswali ambayo wazazi hutuuliza mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa zahanati, Kanda ya Ziwa. Siku za huduma mkoba nabeba kisanduku cha barafu kwenda shuleni kuchanja mabinti. Siku nyingine nakaa chumba cha uchunguzi, nawapima mama zao na bibi zao saratani ya mlango wa kizazi. Asubuhi namchoma mtoto sindano ya sekunde mbili, mchana namweleza mama yake kwamba tumechelewa. Ndiyo maana nayaandika haya.

Maswali yaliyo hapa chini nimeyapokea kwenye mikutano ya wazazi, ndani ya daladala, na mara nyingine getini mwa shule kutoka kwa mzazi aliyekuja amekasirika. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa. Mabinti wengi waliokosa chanjo niliowafuatilia nyumbani hawakuwa wamekatazwa na mtu. Mzazi hakuwa amepata habari, au alizipata siku ile ile, jioni, kutoka kwa mtoto mwenyewe.

HPV ni nini? Ni UKIMWI wa aina nyingine?

Hapana. Herufi zinakaribiana na HIV, na hilo pekee limetuletea tabu kubwa. HPV ni virusi vya papiloma. Vipo vya aina nyingi sana. Vingine huleta chunjua za mikononi, vingine masundosundo ya sehemu za siri, na vichache ndivyo vinavyoleta saratani. Aina mbili, ya 16 na ya 18, zinahusika na karibu asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi hupita kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana huvipata wakati fulani, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache hubaki, vikaharibu chembe za mlango wa kizazi polepole, miaka 15 hadi 20, bila maumivu. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, safari hiyo inaweza kuwa ya miaka 5 hadi 10 tu.

Saratani hii ni kubwa kiasi hicho kwetu?

Ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 10,241 na vifo 6,525. Kenya, mwaka huo huo, wagonjwa wapya 5,236 na vifo 3,211. Ukizilinganisha hizo namba za wagonjwa na za vifo, utaona jinsi wagonjwa wetu wanavyofika wakiwa wamechelewa.

Mama anaanza kuona damu baada ya tendo la ndoa, au damu imerudi wakati hedhi ilishakoma miaka mingi. Anaona aibu. Anatumia miti shamba. Harufu inaanza, anajitenga na wenzake, hakai tena kwenye mkeka na majirani. Anapofika kwetu, kilichobaki ni rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na nauli hana. Kila ninapoandika rufaa hiyo nakumbuka kwamba ugonjwa huu una chanjo.

Anachanjwa nani, na ni shilingi ngapi?

Tanzania, tangu Aprili 2024, ni wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, sindano ya msuli wa begani. Ni bure. Ukidaiwa pesa kwenye kituo cha serikali, uliza kwa sauti wenzako wasikie, kisha nenda kwa mganga mfawidhi.

Mwanzoni mlisema sindano mbili, sasa moja. Mlitudanganya wakati ule au mnatudanganya sasa?

Swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake limezaliwa hapa hapa kwetu.

Chanjo ilipozinduliwa nchi nzima Aprili 2018, na Mama Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14 tu, dozi mbili zilizopishana miezi sita. Kabla ya hapo Kilimanjaro walikuwa wametangulia kwa majaribio tangu 2014. Tulianza na umri mmoja kwa sababu chanjo yenyewe ilikuwa adimu duniani.

Wakati huo huo, Mwanza, utafiti ulikuwa unaendelea tangu 2017. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa: wengine wakapata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu zao zikafuatiliwa. Waliopata dozi moja walionyesha kinga, na kinga hiyo ikadumu. Kenya nao wakafanya wa kwao Kisumu, Nairobi na Thika, wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwezi Aprili 2022 wataalamu wanaoishauri Shirika la Afya Duniani (WHO) walikubali kwamba dozi moja inatosha kwa mabinti, na Desemba mwaka huo shirika lenyewe likaiandika kwenye mwongozo wake. Tanzania ikabadilisha 2024, Kenya 2025.

Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Tulitoa mbili kwa sababu ndivyo ushahidi wa wakati ule ulivyosema, na ushahidi mpya umetoka kwa mabinti wa kwetu. Nikilisema hili kwenye mkutano wa kijiji mkoani kwetu, nawaona watu wanainua vichwa.

Kwa sisi tunaotembea na kisanduku, mabadiliko haya yameokoa mengi. Dozi ya pili ndiyo iliyokuwa inatuponyoka. Ukirudi baada ya miezi sita, binti mmoja amehama na wazazi kufuata mashamba, mwingine amekwenda kufanya kazi za ndani mjini, mwingine shule zimefungwa. Mwaka 2020 corona ilipofunga shule, ratiba yote ilivurugika.

Inafunga kizazi?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote huulizwa ili kulizunguka hili, na naona ni dharau kwa mzazi kulijibu kwa neno moja "uzushi" na kuendelea.

Ndani ya chanjo kuna protini inayofanana na ganda la nje la kirusi. Hakuna kirusi chenyewe, wala mbegu zake za urithi, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Hakuna homoni. Dawa za uzazi wa mpango hufanya kazi kwa homoni au kwa kuzuia mbegu zisikutane, na ndiyo maana vidonge humezwa kila siku na sindano hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna sindano moja ya protini, ya nusu mililita, inayoweza kumfunga mtu uzazi wa maisha.

Lakini najua hofu hii haikuota hewani. Mwaka 2014, Kenya, maaskofu Wakatoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Maneno yalishavuka mpaka, na yalipofika huku yalikuwa tayari yanatafuta chanjo nyingine ya kushika. Ukiongeza na siri ambayo sisi wahudumu tumeizoea, ya kuja na gari, kuchoma na kuondoka, mzazi atafikiri nini?

Bibi mmoja alinifuata hadi chini ya mwembe nilipokuwa naandika kadi. Akaniuliza, "Mwanangu, mnamchoma nini huyu mjukuu wangu? Mama yake amekufa, huyu ndiye uzao wangu uliobaki." Nikamwuliza mama wa mtoto alikufa na nini. Akanieleza, kwa lugha ya kuficha, ugonjwa ule ule ninaoupima mimi kila Jumatano. Tulikaa pale karibu saa nzima. Nilimwambia kinachoondoa kizazi ni saratani: ikiwahiwa, mara nyingi tiba yake ni kukata mfuko wa uzazi wote, na ikichelewa, mionzi huua mayai. Sindano niliyoshika ilikuwa ya kuulinda huo uzao. Mjukuu akachanjwa, bibi amemshika mkono.

Rwanda walianza mwaka 2011, wakafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana wa darasa walilolilenga mwaka ule ule wa kwanza. Australia walianza 2007. Mabinti hao leo ni wanawake wazima, wana watoto wao.

Kwa nini sisi Waafrika ndio mnatujaribia?

Chanjo ilipata kibali kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Australia walianza kuchanja shuleni 2007, Uingereza 2008. Sisi tulisubiri zaidi ya miaka kumi. Mwenye kulalamika angekuwa na haki ya kulalamikia kucheleweshewa.

Na wao wameshavuna. Sweden walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6: waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipata saratani hii pungufu kwa asilimia 88. Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, pungufu kwa asilimia 87.

Hofu hii haina rangi, tena. Japani mwaka 2013 serikali iliacha kuihimiza chanjo baada ya habari za madhara kuvuma kwenye vyombo vya habari. Uchanjaji ukaporomoka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Madhara yale hayakuthibitika kutokana na chanjo, lakini ilichukua hadi 2022 kurudisha uhimizaji, na kuna mabinti wa Kijapani waliopitwa na umri katikati ya miaka hiyo.

Mtoto wa miaka tisa bado anacheza rede. Kwa nini umchanje ugonjwa wa ngono?

Kwa sababu bado anacheza rede. Chanjo hii hukinga, haitibu. Ikiingia kabla virusi havijaingia, inafanya kazi yake kikamilifu. Ikichelewa, inakuta wageni wameshakaa. Tena mwili wa mtoto hujenga kinga imara zaidi kuliko wa mtu mzima, na ndiyo sababu dozi moja inamtosha.

Kuna jambo ambalo wazazi hawapendi niliseme, nami hulisema taratibu. Binti anaweza kujitunza hadi ndoa, akawa mwaminifu hadi kaburini, na akavipata virusi hivi kwa mumewe. Na wapo wanaoingiliwa bila ridhaa yao. Kumkinga mtoto hakusemi lolote kuhusu tabia yake.

Haitawafanya waanze mambo mapema?

Hapana. Tafiti za nchi mbalimbali zimelinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, tofauti ya tabia haikuonekana. Aliyechanjwa pepopunda hatafuti msumari wa kukanyaga.

Ina kitu cha nguruwe?

Haina jelatini ya nguruwe. Protini ya baadhi ya chanjo hizi hukuzwa kwenye hamira, jamaa wa ile ya mandazi. Malaysia, nchi ya Waislamu wengi, wanachanja mabinti wote shuleni tangu 2010. Kwetu, shehe mmoja wa msikiti wa jirani alimleta binti yake mwenyewe mbele ya watu, na siku ile sikuhitaji kusema neno.

Madhara je? Tulisikia watoto walianguka shule fulani.

Mkono huuma, huvimba kidogo, wengine hupata homa au kichwa kuuma siku moja mbili. Panadol inatosha. Mzio mkali upo ila ni nadra sana, na tunabeba dawa yake.

Kuanguka ni kweli hutokea. Mabinti wa umri huu huzimia kwa hofu ya sindano, hasa wakiwa wamekuja bila kunywa chai. Mmoja akianguka mbele ya foleni, wa tatu na wa nne nao huanguka. Siku hizi tunachanja wakiwa wamekaa, nyuma ya pazia au darasa la pembeni, na kila mmoja anabaki dakika 15 kabla ya kuondoka. Mzazi, mpe mtoto uji asubuhi hiyo. Ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Mbona mlimchoma mwanangu bila kuniambia?

Ukinijia na swali hili sitajitetea. Kuna mwaka timu yetu ilipeleka taarifa shuleni Ijumaa mchana, tukachanja Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya gulio. Nusu ya darasa hawakuwepo, na waliokuwepo walirudi nyumbani na plasta begani ambayo hakuna mtu aliyeitegemea. Jumanne akina mama wanane walikuwa getini. Mwalimu mkuu alizomewa kwa kosa ambalo lilikuwa letu. Mwaka uliofuata shule ile ndiyo iliyotupa shida kuliko zote.

Tangu hapo tunaitisha mkutano wiki mbili kabla, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, tena jioni, watu wakiwa wametoka shamba. Tunaacha maswali yaishe. Mkutano mmoja ulikwenda hadi giza likaingia, tukamalizia kwa tochi za simu.

Huu si ubunifu wetu. Mwaka 2010 hadi 2011 kulikuwa na utafiti kwenye shule za msingi 134 mkoani Mwanza, kutazama namna bora ya kuwafikia wasichana. Wazazi waliohudhuria mikutano ya mradi walikubali zaidi kuliko wasiohudhuria. Waliomfahamu mwanamke mwenye saratani nao walikubali zaidi. Na kuchanja darasa zima kulifikia mabinti wengi kuliko kuchanja kwa umri. Ukiwa umewahi kusimama mlangoni mwa darasa ukiuliza "nani ana miaka 14?" unajua kwa nini. Wengine hawajui tarehe zao, wengine wanaona aibu kuonekana wakubwa darasani, wengine wanasema umri wa rafiki yao ili wasitenganishwe.

Kwa hiyo dai lako ni la haki: udai kuambiwa mapema. Na kama hukubali, mwambie mwalimu kabla ya siku yenyewe, kisha uje zahanati tuzungumze. Nimewahi kuzungumza na baba mmoja mara tatu. Mara ya tatu alikuja na mabinti wawili.

Asiyesoma shule atapatia wapi?

Zahanati au kituo cha afya chochote kinachotoa chanjo. Lakini nikiri kwamba hawa ndio tunaowakosa zaidi: mabinti wa kazi za ndani, wanaouza dagaa mwaloni, wanaochunga, walioacha shule kwa mimba. Kampeni ya wiki moja hupita pembeni yao. Ninaowapata mimi huwapata kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayejua nani analala nyumba ipi. Rwanda walifanya hivyo hivyo tangu mwanzo: waliokuwa nje ya shule walitafutwa na wahudumu wa vijijini, nyumba kwa nyumba. Ukiwa na binti wa kazi nyumbani kwako mwenye umri huu, nakuomba, mlete pamoja na wa kwako. Naye ni mtoto wa mtu.

Wavulana mbona hawachanjwi?

Australia wanawachanja tangu 2013. Huku kwetu wanaoangamia zaidi ni wanawake, na tukiwafikia mabinti wengi virusi vinapungua hata kwa wavulana.

Binti yangu anatumia dawa za VVU.

Mlete, tena mapema. Huyu anahitaji zaidi ya dozi moja, angalau mbili na ikiwezekana tatu. Mwambie mtoa chanjo kwa faragha. Huhitaji kulisema mbele ya foleni, na mhudumu akikulazimisha kulisema hadharani, amekosea.

Na mimi mama yake, nimeshachelewa?

Chanjo hii ya bure si ya umri wako, ila wewe una kipimo. Ukifika miaka 30, au 25 kama una VVU, njoo upimwe. Tunapaka siki iliyochanganywa na maji kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayobadilika kuwa nyeupe. Dakika chache, hakuna kukatwa. Ikionekana dalili ya awali, hutibiwa kwa kugandisha au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Hata binti aliyechanjwa atakuja kupimwa akifika umri huo, maana chanjo haishiki kila aina ya kirusi.

Mara nyingi naona mama amemleta binti kuchanjwa, na yeye mwenyewe hajawahi kupimwa hata siku moja. Chumba ni hicho hicho, mlango wa pili kushoto.

Kadi aliyopewa niifanyie nini?

Usiifunikie mtungi. Andika jina lake lote na tarehe kwa kalamu isiyofutika, ipige picha kwa simu, picha umtumie shangazi au dada yake pia, kwa sababu simu huibwa. Akienda bweni kidato cha kwanza timu ya chanjo inaweza kumkuta huko, na bila kadi watamwuliza kama alishachomwa, naye atajibu, "Sikumbuki, labda ile ya begani."